Ngoma Ilificha Sauti ya Tupa

Wasee, wacha nianze na Liyongo, yule shujaa wa Waswahili, ju bila yeye hii maneno yote haitashika.

Jamaa ameshikwa. Na si mse wa mchezo: jitu refu, mshale wake haukosi, mistari inamtoka bila kufikiria mara mbili. Mfalme wa Pate amekuwa akimchora kitambo, anaona huyu akiachwa tu ivo atamchukulia kiti. Anamfungia ndani. Pingu, minyororo, walinzi mlangoni, na siku ya kumdedisha ishapangwa. Mathake anamtumia dishi kila siku kupitia msichana anaitwa Saada, lakini walinzi wanamanga vyote vitamu, yeye anabaki na makombo.

Hapo ndio Liyongo anachora rieng. Anamwimbia Saada mistari ya kupelekea mathe. Mtu akiskia anadhani ni wimbo wa mfungwa akijiliza tu. Kumbe ndani kuna maagizo: oka mkate mtamu, alafu oka mwingine wa wishwa, ule mkavu hakuna mtu anadai, na huo wa wishwa uufiche tupa katikati. Saada analeta. Walinzi wanakula ule mtamu, wanaucheki wa wishwa, wanaona huu ni wa mfungwa, wanamtupia. Tupa imeingia jela.

Lakini tupa ikikwaruza chuma inalia, na walinzi wako hapo nje. Jamaa anaomba kitu cha mwisho kabla adedi: apigiwe ngoma ya gungu. Matari, matuazi, watu wajae, waitikie. Wimbo wenyewe anawafunza yeye, kutoka ndani. Mtaa wote unajibamba, mikono inapigwa, sauti inapanda hadi juu, na kwa giza yeye anakata chuma polepole kwa mdundo wao. Walipochoka kuimba, Liyongo alikuwa ameshasimama, huru, na walinzi wakatoka nduki.

Wasomi bado wanabishana aliishi karne gani. Kule Kipini, Tana inapomwagika baharini, kuna kaburi watu wanakuonyesha wanakuambia ni lake. Mimi sina shida na huo ubishi. Kitu inanishika ni vile hiyo stori imesukwa. Wimbo ulipeleka ujumbe kwa mathe. Wimbo ulificha sauti ya tupa. Alafu wimbo ndio ulibeba stori yenyewe miaka na miaka, mdomo kwa mdomo, Pate hadi Lamu hadi Mombasa, hadi ikafika kwako saa hii. Huko visiwani, mtambaji wa stori na mwimbaji hawajawahi kuwa watu wawili wa kazi mbili. Ni mbogi moja, na nadai kuwachanua kwa nini ukiwatenganisha wote wawili wanadedi.

Jamaa wa kwanza unafaa kujua ni Muhamadi Kijuma wa Lamu. Alizaliwa miaka ya 1850 hivi, akafariki 1945. Huyu mzee, usijaribu kumweka kwa boksi moja. Alikuwa mshairi. Alikuwa na khati safi ya kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Alichonga milango, ile milango mizito ya Lamu yenye maua na minyororo imechorwa kwa mbao. Alafu alikuwa mwanamuziki na mtu wa ngoma kabisa, wa kushinda mashindano. Wazungu waliokuja kusaka mashairi ya zamani, ka Alice Werner na Ernst Dammann, walikuwa wanamtegemea yeye awaandikie nakala. Na mwaka 1913 ndio aliishusha hadithi ya Liyongo kwa utenzi, beti zaidi ya 200. Sasa fikiria: mse anayejua ngoma inavyochezwa uwanjani ndiye anakaa chini kuandika stori ya mse aliyetoroka kwa ngoma. Ndio maana ukiusoma utaskia ile sherehe. Mtu wa karatasi peke yake hangeiweka hivyo.

Na hapa wachanaji wote wa Kanairo na Coasto wakae chini kidogo, ju hii ni hesabu yenu. Utenzi una vipande vinne kwa kila ubeti. Kila kipande kina silabi nane, hakuna ya kuongeza, hakuna ya kupunguza. Vipande vitatu vya kwanza vinamalizika na kina kimoja. Cha nne kina kina chake, na hicho hakibadiliki kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, hata beti zikiwa elfu. Kwa nini mtu ajifunge hivyo? Ju hao wasee walikuwa wanajua stori inaweza kusafiri bila karatasi. Ukisahau neno, hesabu inakukataa. Ukiweka neno lako la uongo, kina kinakuchongea mbele ya watu. Na juu ya hiyo hesabu kuna sauti, ju utenzi hausomwi kimoyomoyo ka barua ya mkopo. Unaghaniwa. Sauti inashika pumzi, pumzi inashika silabi, silabi zinashika stori. Ukitaka kujua kwa nini Utenzi wa Tambuka wa Bwana Mwengo wa Pate, wa 1728, bado uko nasi, sehemu ya jibu iko hapo.

Na si wanaume peke yao. Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa huko huko Pate, alitunga utendi wake karibu 1858 akiwa mgonjwa, akimwachia msichana wake Mwana Hashima mawaidha ya maisha. Baadhi ya hayo mawaidha kuhusu ndoa dem wa leo atayakataa, na ana haki. Lakini cheki njia aliyochagua: mathe anajua muda wake umefika, na kitu anachomwachia mtoi ni beti. Wamama wa Lamu wakazishika, wakazighani, wakawafunza wasichana wao. Hiyo ndio ilikuwa maktaba ya nyumba.

Sasa shuka Mombasa. Watu wanasahau Mombasa ni kisiwa, ju wakiingia na basi wanapita tu Makupa bila kucheki maji. Mvita, ndio hiyo Mombasa, ni kisiwa, na Mvita imezaa mabingwa. Nikupe mbogi mbili.

Ya kwanza ni ya familia. Juma Bhalo, yule Mohamed Khamis aliyezaliwa 1942, alikuwa na sauti ya kusimamisha harusi. Binamu yake alikuwa Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo, Malenga wa Mvita, ambaye kitabu chake kwa hilo jina kilitoka 1971. Ahmad Nassir anatunga, Juma Bhalo anaimba. Maneno ni ya Kimvita kizito, mafumbo juu ya mafumbo, lakini sauti Juma Bhalo alikuwa anaokota kutoka kwa filamu za Kihindi zilizokuwa zinavuma Mombasa hizo siku. Ndio, wasee. Kabla prodyuza yeyote wa Eastlands achukue kipande cha ngoma ya zamani akiweke kwa biti, Mombasa walikuwa wanachukua sauti ya Bombay wanaivalisha shairi la kwao. Kuna watu walimlaumu kwa hilo. Mimi naona alifanya kazi kubwa, ju ile sauti tamu ilifanya watu wa kawaida, mabaharia, makuli, wamama sokoni, wabebe kichwani mashairi ambayo leo profesa anayafafanua darasani. Na ukitaka kujua hiyo nyumba ilikuwa na damu gani, ndugu yake Ahmad Nassir ni Abdilatif Abdalla, yule serikali ilimfunga 1969 hadi 1972, akaandika *Sauti ya Dhiki* kwa karatasi za chooni ndani ya jela. Mshairi wa kisiwani, ndani ya pingu, akitoa mistari nje kisiri. Hiyo stori ushaiskia leo.

Mbogi ya pili ndiyo inanigusa zaidi. Zein l'Abdin alizaliwa Lamu 1939, akakaa Mombasa, na hakuna mtu Afrika Mashariki alishika udi ka yeye. Upande mwingine kuna Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Matondoni, kile kijiji cha kisiwa cha Lamu kinachojulikana kwa kuunda majahazi. Nabhany alilelewa na nyanya yake aliyekuwa mshairi, akashiba maneno ya zamani akiwa bado mtoi. Hawa wawili wakapatana. Nabhany anajua mashairi ya wazee wa zamani, mengine yako kwa vichwa vya watu wachache tu, na anatunga yake pia. Zein anayachukua, anayatafutia sauti kwa udi, anaimba kwa Kiamu kile kile cha Lamu bila kukilainisha ili Mombasa wamuelewe haraka. Albamu yake *Mtindo wa Mombasa* ilitoka Uingereza 1990. Shairi la mzee wa Lamu lililokuwa linakaribia kupotea likafika kwa watu wa Ulaya, na muhimu zaidi, likarudi kwa kaseti hadi kwa baraza za Lamu.

Nabhany mwenyewe alikuwa na njia yake ya kuhifadhi, na nadai uielewe vizuri. Aliona majahazi yanapungua, na jahazi likipotea maneno yake yanapotea nalo: jina la kila ubao, kila kamba, kila kazi ya fundi. Kamusi angeweza kuandika, na kazi ya maneno aliifanya sana. Lakini kwa jahazi alitunga *Sambo ya Kiwandeo*, iliyochapishwa 1979, shairi linalojenga chombo cha Lamu kwa beti. Baadaye akafanya hivyo kwa mnazi, kwenye *Umbuji wa Mnazi*, 1985. Hizo kazi ni ghala. Fundi akifariki, mtoi wa fundi anaweza kuingia kwa beti akatoa jina la kifaa. Zein alifariki 2016. Nabhany akamfuata 2017. Ndani ya miaka miwili kisiwa kilipoteza mdomo na vidole.

Najua kuna mse anasema: hii taarab ya kina Juma Bhalo na Zein ni ya wazae, ya harusi za kina mathe. Sawa, tuongee harusi. Kwa harusi za zamani Mombasa, shairi lilikuwa linaingia kazini. Mama fulani ana kesi na mama mwingine, labda ni bwana, labda ni deni. Hawezi kusimama kumtusi mbele ya watu. Anaenda kwa mtungaji, anamwelezea stori yote, pole pole, na jina halitajwi. Mtungaji anaigeuza: inakuwa ndege, inakuwa chungu, inakuwa embe lililoiva kwa mti wa mtu. Mwimbaji anapewa karatasi, anaiwekea sauti. Usiku wa harusi ile ngoma inapigwa, na yule mama anasimama na noti mkononi, anatembea hadi mbele akicheza, anamtunza mwimbaji huku macho yamemlenga adui wake kwa kiti cha tatu. Ukumbi wote unajua. Hakuna aliyetukana. Kesho yake kaseti ishatoka kwa duka ka Mbwana Radio Service, na kesi ya mtaa mmoja inakuwa wimbo wa Pwani nzima. Ukiangalia vizuri, hapo mwenye stori ni mama wa mtaa. Wengi wao majina hayajaandikwa popote, na bila wao hakuna taarab.

Kuna chali tunajuana naye Mji wa Kale Mombasa, anatengeneza biti kwa kompyuta ya mkononi iliyochoka. Alikuwa amechukua ubeti wa zamani alioskia kwa bibi yake, akauchana juu ya mdundo wa chakacha, akatuchezea barazani tukiwa wasee kadhaa. Sisi tukaona ni moto. Bibi yuko dirishani, ameskia yote. Akamwita: "Mwanangu, rudia hapo." Chali akarudia. Bibi akahesabu kwa vidole, silabi moja moja, akasimama kwa kidole cha saba. "Umekula neno. Huyo aliyesema hivi hakula." Alafu akatoa ubeti mzima kwa sauti yake, taratibu, na ile sauti haikuwa ya chali hata kidogo. Ilikuwa na mahali inapanda ambapo yeye alikuwa ameshusha. Kisha bibi akaanza kueleza huo ubeti ulitungwa kwa nini: kulikuwa na mtu alisafiri na jahazi msimu wa kaskazi hakurudi, na mke akawa anaulizwa kila siku. Tulikaa hapo hadi adhana ya Isha. Chali akaifuta rekodi yake na akaanza upya, safari hii sauti ya bibi ikiwa ndani, mwanzo wa ngoma, ikighani peke yake kabla biti iingie. Hiyo ndio kazi ninayoongelea. Biti ilimfanya bibi aongee. Bibi akafanya biti iwe na kitu cha kusema.

Vuka sasa mpaka, twende Unguja. Huko huwezi kuongea bila Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba karibu 1880, familia ya chini kabisa, akawa anauza vyungu akitembea na kuita wateja. Sauti ya kuita wateja ndiyo iliwashtua watu. Mwaka 1928 alipelekwa Bombay na mbogi yake kurekodi na kampuni ya HMV, na hapo ndipo sauti ya mwanamke wa Afrika Mashariki iliingia kwa santuri kwa mara ya kwanza. Taarab kabla yake ilikuwa ya majumba ya sultani, kwa Kiarabu. Yeye akaishusha Ng'ambo kwa Kiswahili, na Ng'ambo ni mtaa, ni ghetto ya hizo siku ng'ambo ya hori, walikoishi watu waliokuwa watumwa na watoto wao.

Nyumbani kwake usiku ndiko ngoma zilikuwa zinapikwa. Maalim Shaaban, Subeit, Buda, Mbaruk, wanakusanyika. Watu wanaleta habari za siku: nani ameshikwa, hakimu amesema nini, nani kaibiwa mshahara. Wanabonga, wanabishana, na kabla usiku uishe kuna wimbo. Ule wimbo wake wa Kijiti ni kesi ya kweli: dem alitoka Dar es Salaam kuja kutembea Unguja, akatoka usiku kwenda ngoma, akauawa. Muuaji akatoroka bara. Mahakama ya mkoloni ikawageukia wanawake waliokuja kutoa ushahidi. Hakuna gazeti lingeandika hiyo kesi kwa upande wa hao wanawake. Siti aliiandika kwa santuri. Msee ambaye hajui kusoma akaipata yote, na leo mwanahistoria anayetaka kujua Ng'ambo ilifikiria nini kuhusu mahakama anaanzia hapo.

Alafu cheki mzunguko unavyofunga. Siti akiwa mzee, Shaaban Robert, mwandishi tunayemsoma shuleni hadi leo, akakaa naye akamuuliza maisha yake. Siti akafariki 1950. *Wasifu wa Siti Binti Saad* ukatoka 1958. Mwimbaji alikuwa amebeba stori za mtaa mzima, mwandishi akabeba stori ya mwimbaji. Santuri nyingi zilivunjika ama zilipotea. Bila hicho kitabu, mwanamke muhimu kabisa kwa muziki wetu angekuwa jina na picha moja au mbili tu. Na bila hizo ngoma, Shaaban Robert hangekuwa na sababu ya kubisha hodi.

Bi Kidude alikuwa anamskia Siti tangu utotoni, akaokota nyimbo zake kwa kusikiliza tu. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, hakuwa mwimbaji wa jukwaa peke yake. Alikuwa mwalimu wa unyago, alipiga ngoma kwa mikono yake akifunza wasichana kuhusu mwili, ndoa na heshima, yote kwa nyimbo. Akapewa tuzo ya WOMEX 2005, akazunguka dunia, akafariki tarehe 17 Aprili 2013. Watu wengi wanamkumbuka kwa sigara na kicheko. Mimi nadai mumkumbuke kwa unyago, ju hapo ndipo alikuwa mtambaji kamili, na hiyo elimu ni ngumu kurekodi kwa sababu ni ya siri ya wanawake. Hapo sote tuheshimu. Si kila kitu cha kisiwa kinafaa kuwekwa kwa intaneti, na mwenye mila ndiye anasema kipi kitoke.

Mayut wa Unguja wameshika hiyo kamba vizuri, na hii ndiyo inanipa moyo. Chuo cha muziki cha nchi za majahazi, kile cha Mji Mkongwe kinachojulikana ka DCMA, kilifungua mlango 2002, na pale mtoi wa Ng'ambo anaweza kujifunza kanuni, udi na fidla kwa wazee waliopigia vikundi vikongwe. Nadi Ikhwan Safaa wamekuwa wakipiga tangu 1905! Siti Amina alitoka kwa hicho chuo, akaunda Siti and the Band, taarab ndani yake kuna jazi na regge, na albamu yao ya kwanza ilitoka 2018. Miaka mitatu baadaye, Amil Shivji akatoa filamu kutoka kwa riwaya ya Adam Shafi, *Vuta N'kuvute*, kuhusu Unguja ya miaka ya 1950, na Siti Amina yuko ndani. Riwaya imekuwa filamu, filamu imeita mwanamuziki, na mayut ambao hawajawahi kufungua hicho kitabu wakajua Zanzibar ya kabla ya mapinduzi ilinukaje. Siti Muharam naye, kitukuu wa Siti binti Saad, alitoa *Siti of Unguja* 2020. Anaimba ngoma za bibi mkuu wake, na chini kuna mdundo wa leo. Ukizicheza zote mbili, ya 1928 na ya 2020, utaskia familia moja ikibonga.

Kuna kitu kinaniuma lakini, na lazima nikiseme. Visiwa vinauzwa sana kwa picha. Mlango wa Lamu, punda, jahazi na jua likizama, kila mtu anapiga picha anaenda. Lamu iliingia kwa orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO 2001, Mji Mkongwe ukiwa umetangulia 2000, na hiyo imesaidia kuta zisianguke. Lakini ukuta hauimbi. Kwa hoteli nyingi taarab imekuwa ya nusu saa, ngoma tatu zile zile, mgeni anakula pweza huku hajui kinachoimbwa ni nini, na mpigaji analipwa ya nauli. Jina la aliyetunga hakuna anayelitaja. Hata kwa video za mtandaoni utapata sauti ya Juma Bhalo, maoni elfu, na Ahmad Nassir hayuko popote. Tukiendelea hivyo tutabaki na sauti bila stori, na sauti bila stori inaisha kuwa mapambo ya ukumbi.

Na stori mpya ziko, wasee, si za kale peke yake. Bandari mpya ya Lamu ilipokea meli zake za kwanza Mei 2021. Kabla ya hapo wavuvi walienda kortini kuhusu bahari yao na hiyo bandari, na 2018 korti ya Malindi ikasema walipwe zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Kule visiwani wakulima wa Kibajuni wana vave, nyimbo ndefu za usiku kabla ya kuchoma msitu wa shamba, zenye wanyama na mizimu na hesabu ya misimu ndani. Kama mkulima alikuwa na wimbo wa kuomba msitu ruhusa, mvuvi wa leo anastahili utenzi wa bahari inayochimbwa. Nani atautunga? Mimi naona ni mchanaji wa Lamu wa miaka 22 akiwa na mzee wa Pate pembeni, mmoja ana maiki, mwingine ana hesabu ya silabi.

Kwa hivyo, ukiwa mwanamuziki wa Coasto ama wa Kanairo mwenye damu ya huko, hii ni kazi yako. Mtafute mzee kabla umtafute prodyuza. Nenda na salamu, vua viatu, kaa chini, usitoe simu kabla hujaomba ruhusa. Uliza huo ubeti ni wa nani, ulitungwa kwa nini, na unaghaniwa vipi. Akikuambia hiki kisitoke, kisitoke. Ngoma ikitoka, jina la mtungaji liandikwe pale juu, karibu na lako, na ganji ikiingia mgawane, hata ikiwa ni thao mbili. Na wewe unayeandika, wewe wa hadithi na filamu, nenda kwa mazoezi ya vikundi vya taarab ukaulize kila wimbo ulianza na kesi gani. Mwenye bibi aliye hai aanze leo usiku.